Mfungo wa Siku Arobaini Ndani ya Kampavani

Jumatatu, 6 Januari 2003

Nimefukuzwa tena barabarani. Bwana wa nyumba nambari kumi na nne amegonga dirisha la kampavani jioni hii, koti juu ya nguo za kulalia. Amesema watu wa mtaa wamechoka kuona soksi zangu zikining'inia kwenye kioo cha mbele. Nikamwambia hizo si soksi, ni pazia. Akazitazama kwa muda. Akasema kesho anawaita watu wa kaunsili.

Wivu mtupu.

Basi hali yangu ni hii. Mimi ni fundi wa boila katika hospitali moja kusini mwa London. Ndiyo kazi ya kwanza niliyoipata Uingereza inayolingana na ufundi niliosomea Nakuru. Kabla ya hapo nilipiga deki miaka minne. Leo wadi nzima za watoto na wazee zinapata joto kwa mkono wangu. Kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu Mumbi, ambaye ni nesi, anaishi Leicester na binti yetu Ciru, na hakuna treni ya kunitoa huko nikafika saa hiyo. Kodi ya chumba hapa ingemeza mshahara wote. Kwa hiyo nalala kwenye kampavani: kitanda, jiko la gesi, sinki lisilotoa maji.

Mumbi hajui. Yaani anajua habari za kiangazi tu. Baridi ya mwaka jana nililala humu nikapata nimonia, na Mumbi akatoa amri. Nikilala kwenye gari tena wakati wa baridi, naacha kazi na kurudi Leicester kupakia krispi kwenye bohari pamoja na kaka yake Eddie. Eddie! Mtu anayezungumzia krispi hata matangani.

Kwa hiyo tangu Novemba nimemwambia Mumbi nimepanga chumba kwa mzee mmoja, chumba chenye radieta mbili za kupasha joto. Moja ingetosha. Lakini mimi nikianza jambo hupenda kulifanya vizuri.

Jumanne, 7 Januari

Nimepata maegesho! Nyuma ya hospitali, mitaa miwili hivi, kuna bohari la zamani la mazulia ambalo sasa ni kanisa la Wakongomani. Lina ua wenye geti. Geti hufunguliwa jioni kwaya ikija mazoezini. Nimeingia nyuma ya gari la mpiga kinanda kana kwamba nimebeba spika. Hakuna aliyeuliza. Wamefunga geti nami niko ndani.

Mpango: kutoka kabla ya alfajiri, kurudi na kwaya. Kwaya hufanya mazoezi mara mbili kwa wiki tu. Hizo siku nyingine nitazifikiria.

Baridi imeanza kuuma.

Jumatano, 8 Januari

Theluji. Na mambo makubwa.

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, gesi imegoma. Mrija umeganda. Nikapiga magoti mbele ya mtungi, nikauinamia, nikawa naupulizia pumzi huku nikiguna na kumwita Mungu, kwa sababu vidole vilikuwa vinauma kweli. Mara nikasikia mlango wa gari unafunguliwa. Mama mmoja wa makamo, kitenge juu ya koti, tochi mkononi. Alikuwa amekuja kufungua kanisa kwa maombi ya asubuhi.

Nilikuwa na maneno manne tayari, yote ya uongo, nikichagua lipi litangulie. Yeye akanitangulia.

"Usisimame, mutumishi," akasema polepole. "Endelea tu na maombi. Mungu anasikia."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema Amina.

Huyo ndiye Mama Annonciata, mkuu wa akina mama wa kanisa. Jioni nimemkuta na Pasta Dieumerci, kijana mrefu mwenye skafu shingoni, wananingojea getini. Pasta akauliza kama ni kweli nimekuja kufunga na kuomba kwenye ua wao. Nikaangalia chini kwa unyenyekevu. Akauliza nimeweka siku ngapi. Nikapiga hesabu ya haraka: baridi ya London hulegea katikati ya Februari. Nikasema arobaini.

Pasta akavua kofia. Kisha akanipa ufunguo wa jikoni mwa kanisa, ambako ndiko kuna choo, na waya mrefu wa umeme wa kupitisha dirishani.

Umeme! Bure! Eddie apakie krispi zake.

Ijumaa, 10 Januari

Nina hita ndogo. Jana nimelala bila soksi mguuni kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Kinanda cha kwaya kikiwashwa umeme wa jikoni unakatika, hivyo usiku nawasha na jiko la gesi kidogo, madirisha nimeyabana vizuri kwa magazeti. Mimi ni fundi wa joto. Najua ninachofanya.

Kasoro ni moja tu. Mtu aliyefunga hali kitu.

Nimekwenda kantini ya hospitali, nimeshika sahani, nimefika mbele ya samaki na chipsi, na anayepakua ni binti mwenye beji iliyoandikwa Noëlla. Akanitazama macho yakimtoka. Akasema wewe ndiye mutumishi wa gari. Anaimba soprano pale kanisani! Nikamwambia nimekuja kuwaombea wanaokula. Nikawanyooshea mkono wa baraka, nikarudisha sahani, nikatoka. Nimekunywa maji tu mpaka jioni.

Kisha, niliporudi nikaingia jikoni mwa kanisa kuchaji simu, juu ya meza kando ya soketi yangu kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Nikafunua. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, bado vina mvuke. Hakuna mtu.

Mimi si mtoto. Huo ni mtego. Yupo mzee wa maombi, jina lake Gervais, mwembamba, anasafisha ofisi usiku. Nimesikia kwamba kabla yangu yeye ndiye alikuwa bingwa wa kufunga katika kanisa hili. Leo asubuhi ameniangalia kutoka juu hadi chini kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Bila shaka amehesabu matonge. Nimeifunika sahani kama ilivyokuwa na kuondoka. Nililia kidogo ndani ya gari, lakini ilikuwa njaa tu.

Jumapili, 12 Januari

Jumapili zamu yangu ni ya mchana, kwa hiyo nimelazimika kuhudhuria ibada. Pasta amenisimamisha mbele ya watu. Makofi. Baada ya hapo wamepanga foleni kwenye mlango wa kampavani ili niwaombee.

Sikuwa nimejiandaa. Wa kwanza mama mwenye magoti mabovu. Nimemwomba Mungu akague valvu na viungio vyote, abadilishe vilivyochakaa. Alitoka akichechemea lakini akicheka. Wa pili baba ambaye wanawe wanamjibu kwa Kiingereza hata akiwauliza kwa Kiswahili. Huyo nilimwelewa sana, kwani ndivyo alivyo Ciru wangu. Wa tatu kijana anayesubiri karatasi zake za ukimbizi, hana jibu, hawezi kufanya kazi, hawezi kurudi. Aliketi tu karibu na hita. Nikajikuta namwombea kwa dhati, bila valvu, na nilipomaliza tulikuwa tumeshikana mikono.

Sipendi hali hii. Mtu hawezi kufanya mipango yake kwa utulivu.

Jioni Ciru amenipigia simu kuuliza, kwa Kiingereza, kama chumba changu kina joto. Nimemwambia nimelazimika kuzima radieta moja.

Jumanne, 14 Januari

Gervais amehamia kwangu.

Alikuja jana na blanketi na Biblia baada ya kazi yake, saa tano usiku, akasema Mama Annonciata amemtuma ashirikiane nami katika maombi. Sikuweza kumkatalia. Amelala kwenye benchi, magoti yake tumboni mwangu. Na huyu mtu ana jambo moja la ajabu: hafumbi macho mpaka afungue dirisha. Nalifunga, analifungua. Nalibana kwa gazeti, analitoa gazeti, analikunja vizuri, ananirudishia. Theluji imeingia kwenye kikombe changu. Nikawasha jiko, akaamka akalizima, akasema anaomba radhi, yeye hupenda hewa.

Hewa! Anataka nigande nikimbie, abaki yeye bingwa.

Kibaya zaidi ni kwamba anafunga kweli. Hali chochote hadi giza liingie, kisha chai na kipande cha mkate. Nimemchunguza. Hadanganyi hata kidogo, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la majivuno.

Alhamisi, 16 Januari

Mpango mpya: kula chumba cha boila, ambako hakuna soprano. Nimenunua mkebe wa maharagwe na kuuweka juu ya bomba la mvuke upate moto. Nimesahau kuutoboa.

Mimi, fundi wa shinikizo.

Mlipuko ulisikika mpaka stoo. Maharagwe kwenye dari, kwenye geji, kwenye miwani ya Madhu. Madhu ni msimamizi wangu, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza taratibu kama nyumbani kuna chakula. Nikamwambia mke wangu hupika kupita kiasi na kwamba hili lilikuwa jaribio la kiufundi. Akasema sawa. Mchana nikakuta mfuko wa thepla, zile chapati za Kigujarati, juu ya kisanduku changu cha zana. Nadhani aliusahau. Nimeula haraka kabla hajakumbuka.

Jioni: sahani tena jikoni. Leo samaki na wali. Gervais hachoki.

Jumamosi, 18 Januari

Gervais amekwenda kazini mapema. Nimefunga mapazia, yaani soksi, na kukaanga omena nilizonunua soko la Woolwich. Vitunguu, nyanya, bizari. Nimekula nimesimama, moja kwa moja kwenye sufuria, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Harufu haikutoka. Kwa kuwa nilibana madirisha, ilikaa. Mama Annonciata alipita kwenda kufagia kanisa, akasimama mlangoni, akanusa. Akasema leo majirani wanapika samaki. Nikasema majirani hawana heshima kwa mtu aliyefunga. Akasema, "Iko baridi sana leo, mutumishi. Kama unahitaji kitu, sema tu." Nikasema sihitaji kitu. Akasubiri kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuja kusema, kisha akaenda zake.

Nimemweza!

Simu yangu nilikuwa nimeiacha jikoni ikichaji. Niliporudi kuichukua ilikuwa na joto kama iliyotumika muda mrefu. Betri mbovu.

Jumapili, 19 Januari

Nimeumbuka.

Katikati ya ibada, Pasta ameniita mbele nitoe ushuhuda wa siku zangu kumi na mbili za kufunga. Nilikuwa nimeandaa ndoto yenye malaika wawili. Nilikuwa nimefika kwa malaika wa kwanza mlango wa nyuma ulipofunguliwa, akaingia mwanamke mwenye koti jekundu, amemshika mtoto kwa mkono mmoja na hotipoti kubwa kwa mkono wa pili.

Mumbi. Na Ciru. Wameteremka kutoka kwenye basi la Leicester.

Sikumaliza malaika. Mumbi hakupiga kelele. Aliweka hotipoti mezani pa matoleo, akasema mbele ya kanisa zima kwamba ameleta chapati na kitoweo kwa sababu mume wake ni mtu wa kula, amekuwa mtu wa kula tangu amfahamu, na kama kuna mtu amemfanya asile basi ni yeye mwenyewe. Mtu fulani upande wa kwaya alikohoa. Nilijua ni Noëlla.

Nikasema kila kitu. Sikuwa na la kufanya. Soksi, radieta mbili, maharagwe, omena. Nilisema nitaondoka kwenye ua leo hii, na kwamba kazi ya boila ndiyo basi tena, nitapakia krispi. Hilo ndilo lililoniuma kulisema, kwa sababu naipenda kazi ile. Ukiingia asubuhi na mashine zinaunguruma na unajua huko juu hakuna mtoto anayetetemeka, unajiona mtu.

Mama Annonciata akasimama. Akasema hakuna anayeondoka.

Akasema wao walijua tangu siku ya kwanza. "Sisi tulilala porini, Baba Ciru. Mutu mwenye kulala inje, tunamujua kwa macho." Mwenye jengo hataki mtu aishi uani, lakini mtu anayeomba usiku na mchana ni shughuli ya kanisa, na hilo mkataba unaruhusu. Ndiyo maana aliponikuta nimepiga magoti alinipa neno la kusema. Muda wote huu nilidhani nimemdanganya. Kumbe uongo wenyewe ni yeye aliyenigawia, mimi nimeubeba tu.

Kuhusu kula, hakuna aliyetarajia mtu mzima afunge kweli na kazi ile. Sahani ya kila jioni niliwekewa mimi. Kila usiku wameikuta haikuguswa, wakaanza kuogopa kwamba nimeugua. Jana simu yangu ilipolia jikoni, Mama Annonciata aliona imeandikwa Mumbi, akaipokea. Walizungumza saa nzima.

Kisha Gervais. Binamu yake alikufa usingizini ndani ya karavani huko Kent, kwa moshi wa jiko la gesi, madirisha yamebanwa. Ndiyo sababu alitumwa. Akifumba macho kabla hajafungua dirisha, anamwona binamu yake. Nikamuuliza, basi mbona ulikuwa unafunga kama ulijua mimi nadanganya? Akajibu kwamba siku zilikwisha kutangazwa mbele za Mungu, ilibidi mtu azifunge.

Nimeona aibu mpaka masikio yanawaka.

Tumekula chapati sote, isipokuwa Gervais, aliyewekewa za jioni. Kijana wa karatasi alikula tano. Ciru amekaa ndani ya kampavani akavuta pazia, akasema, kwa Kiingereza, kwamba ni nyumba nzuri lakini inanuka samaki.

Jumatatu, 20 Januari

Uamuzi wa Mumbi umetoka. Hakuna krispi. Nitabaki uani hadi baridi iishe, kwa masharti matatu: dirisha wazi, sahani iliwe, na nikiulizwa na mtu yeyote ninakoishi, niseme kweli, palepale. Amesema shida yangu si umaskini, ni mdomo. Mtu akitaka kunisaidia, mdomo wangu unawahi kumfungia mlango.

Nimekubali. Nimeapa. Nimebadilika kabisa, nalisikia hilo hata kwenye pumzi. Usiku nimekula sombe sahani mbili huku Gervais akinisomea Zaburi.

Alhamisi, 30 Januari

Theluji tena, nzito kuliko ile ya kwanza. Mabasi yamesimama. Nusu ya wafanyakazi wamekwama, mimi nimefika wa kwanza kwa miguu, na Madhu amenisifu mbele ya wote.

Kisha ameniita ofisini, akafunga mlango, akanimiminia chai. Akasema kuna chumba kimebaki wazi kwenye nyumba ya zamani ya manesi, hapo hapo ndani ya hospitali. Kiko juu kabisa ya bomba letu kuu. Hata Januari mtu hulala na shati moja. Kodi yake ni ya jina tu. Kinatolewa kwa mfanyakazi anayekaa mbali au anayesumbuka kwa makazi, na yeye Madhu ameambiwa apendekeze jina. Amenifikiria mimi kwanza. Akaniuliza, kwa upole kabisa, siku hizi unaishi wapi, Jotham?

Mdomo ukatangulia.

Nikasema naishi karibu, dakika chache tu, nyumba ya vyumba vitatu, radieta kila mahali, bustani nyuma na mti wa matofaa. Sijui mti ulitoka wapi. Ulikuja wenyewe, ukiwa na matofaa. Madhu alishusha pumzi, akasema Mungu ni mkubwa, amekuwa na wasiwasi juu yangu tangu siku ya maharagwe. Akaandika jina la Lorraine wa stoo, anayetoka Ilford kila siku kwa mabasi mawili na treni. Lorraine akapewa ufunguo mchana. Alilia. Nilimpigia makofi, tena kwa nguvu kuliko wote.

Lazima niseme nilijibu vizuri. Hakuna hata pengo moja katika maelezo yangu.

Nikiwa njiani kurudi, theluji hadi kwenye vifundo, nimepata mpango. Chumba kile kinapata joto kutoka boila namba mbili, na valvu ya upande ule naishika mimi. Nikiipunguza kidogo, kidogo sana, hakuna atakayeumia. Lorraine atalalamika kwa baridi. Hapo mimi, kama mtaalamu, nitajitolea kuhamia pale usiku kadhaa ili kuchunguza tatizo. Uchunguzi unaweza kuchukua hadi Aprili. Madhu hatashuku, kwa sababu anajua mtu mwenye nyumba ya vyumba vitatu hana tamaa ya chumba kimoja.

Usiku huu Gervais amefungua dirisha, kama kawaida yake. Mumbi amepiga simu kuuliza kama kuna jipya kazini. Nimemwambia hakuna, boila ni zile zile.